Kliniki Iko Eldoret, Nyumba Iko Burnt Forest

Mgonjwa wa saratani kutoka Burnt Forest hutoka Eldoret akiwa na tarehe ya kurudi, mfuko wa dawa na maswali aliyosahau kuuliza. Kisha hupanda matatu. Safari ni chini ya kilomita 40, naye akishuka kwenye steji yetu, daktari na muuguzi wamebaki nyuma. Anayepewa kemo ya dripu hukaa hospitalini siku moja katika wiki mbili au tatu. Siku zote zilizobaki yuko nyumbani na watu wake: usiku wa homa, chakula kisichopita, vibarua wa viazi wanaongoja kulipwa, watoto wanaotazama bila kuuliza. Mwongozo huu ni wa siku hizo. Ni wako wewe unayeugua, na ni wako wewe unayemtunza mgonjwa. Maagizo ya daktari wako yakitofautiana na haya, fuata ya daktari, maana yeye anajua aina ya saratani uliyo nayo na dawa unazopewa.

Wape watu kazi

Mji wetu ni mdogo. Soko, kanisa na steji viko kwenye barabara moja, na habari ya ugonjwa hufika nyumbani kabla ya mgonjwa mwenyewe. Huwezi kuzuia maneno yote, lakini unaweza kuchagua nani anayeyasema. Mteue mtu mmoja awe msemaji wako: mume, mke, dada, binti mkubwa. Wanaopiga simu kutaka kujua majibu ya vipimo waelekezwe kwake. Utashangaa ni nguvu kiasi gani mtu humaliza kwa kusimulia ugonjwa wake upya mara kumi kwa siku.

Watu wengi watakuambia wako pamoja nawe, na wengi wao wanamaanisha. Shida ni kwamba hawajui wafanye nini, kwa hiyo huja Jumapili wote kwa pamoja na mkate na soda, wanajaza sebule, wanakuchosha, kisha wiki nzima huoni mtu. Wape kazi zenye siku na saa. “Shangazi, Jumanne nina kemo, naomba uwapokee watoto wakitoka shule na ulale hapa.” “Jirani, nikamulie ng’ombe wa jioni kuanzia Jumatano hadi Ijumaa.” Anayeombwa jambo moja dogo lenye mwisho ni vigumu kukataa, na akilimaliza hujisikia amekufaa kweli. Mmoja ashike pesa. Mmoja akusindikize kliniki kila mara, huyo huyo, na daftari mkononi, kwa sababu masikio ya mgonjwa huziba daktari anapozungumza.

Na kuna kazi ya faili. Nunua bahasha ngumu ya plastiki. Ndani yake weka ripoti ya bayopsi, ripoti za picha, majibu ya damu, orodha ya dawa zote ulizopewa pamoja na tarehe, na nakala ya kitambulisho. Ripoti ya bayopsi ndiyo mama wa karatasi zote; bila hiyo utaanzishiwa vipimo upya popote uendapo. Kisha piga picha kila ukurasa kwa simu na umtumie ndugu anayeishi mji mwingine. Wakazi wengi wa Burnt Forest wanajua jinsi nyumba na kila karatasi iliyomo inavyoweza kupotea usiku mmoja. Ilitokea katika ghasia za 1992, ikatokea tena katika zile za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Hakuna haja ya kueleza zaidi hapa kwa nini nakala ikae mbali.

Homa haingoji asubuhi

Kama utakumbuka sehemu moja tu ya mwongozo huu, iwe hii. Kemo hushusha chembe nyeupe za damu, zile zinazopambana na viini. Kwa dawa nyingi hushuka zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu. Katika kipindi hicho joto la mwili likifika nyuzi 38 au zaidi, hiyo ni dharura, hata kama unajisikia una nguvu. Maambukizi yanaweza kumwua kwa saa chache mtu ambaye saratani yake ilikuwa inatibika.

Huku kwetu baridi huchanganya mambo. Tuko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Julai kila mtu hutetemeka. Mgonjwa akitetemeka, familia humwongezea blanketi na kumpa chai. Usikisie. Nunua themomita ya kidijitali, uijue kuisoma, na pima asubuhi na jioni katika siku hizo hatari, na wakati wowote unapohisi baridi isiyo ya kawaida. Wahudumu wa afya ya jamii waliopewa vifaa na serikali mwaka 2023 wana themomita katika mikoba yao. Mjue wa kijiji chako kwa jina na namba ya simu kabla hujamhitaji. Pima kabla ya kumeza Panadol, kwa sababu Panadol hushusha joto huku maambukizi yakiendelea chini kwa chini.

Siku ya kwanza ya kemo muulize muuguzi swali hili kwa maneno haya haya: “Nikipata homa saa nane usiku, nimpigie nani na niende wapi?” Usitoke bila jibu. Pita pia katika Hospitali ya Kaunti Ndogo ya Burnt Forest mchana mmoja ukiwa mzima, ujitambulishe, na uulize usiku kuna daktari au afisa wa kliniki gani na wanaweza kuanza antibiotiki ya sindano kabla ya kukupeleka Eldoret au la. Katika pochi yako weka kikaratasi kilichoandikwa: “Napewa kemo. Ya mwisho ilikuwa tarehe fulani. Nina homa. Naomba nipimwe damu na nipewe antibiotiki bila kuchelewa.” Usiku wa hofu hakuna anayekumbuka kupanga maneno, na karatasi husomwa hata na aliyekuwa anasinzia kwenye meza ya mapokezi. Wenye magari wawili katika mtaa wako nao waambiwe mapema kwamba huenda ukawaamsha. Wawili, maana mmoja anaweza kuwa safarini.

Mambo mengine ambayo pia hayangoji: damu isiyokatika, kutapika kiasi kwamba hata maji hayakai kwa siku nzima, pumzi kubana ghafla, na maumivu ya mgongo yanayofuatwa na miguu kulegea au kushindwa kwenda haja ndogo. Hilo la mwisho watu hulichukulia kuwa uchovu wa shamba. Linaweza kuwa uvimbe unaobana uti wa mgongo, na likicheleweshwa, miguu huenda isirudi.

Baridi, jembe na mikono yako

Uliza majina ya dawa zako na uyaandike, kwa sababu baadhi yake zinagombana moja kwa moja na maisha ya huku. Oksaliplatini, inayotumika sana kwa saratani ya utumbo mpana, hufanya neva zichukie baridi. Ukigusa maji ya tangi alfajiri utahisi umeme vidoleni. Ukiyanywa, koo linaweza kukaza kana kwamba linafunga. Kwa siku kadhaa baada ya dripu, kunywa vitu vuguvugu, vaa glavu za sufi hata kushika mlango wa chuma, funika mdomo na pua kwa skafu ukitoka kwenye ukungu, na mwachie mtu mwingine kufua na kuosha vyombo. Ganzi ya vidole isipoisha kati ya dripu moja na nyingine, mwambie daktari. Anaweza kupunguza dozi kabla madhara hayajawa ya kudumu.

Vidonge vya kapesitabini navyo huchubua viganja na nyayo. Mpini wa jembe na maji ya moto huzidisha. Paka mafuta laini, vaa soksi nene na viatu vipana, na ngozi ikianza kupasuka au kuuma sana acha kulima, umpigie daktari kabla ya kuendelea na vidonge.

Aliyefanyiwa upasuaji wa titi na kuondolewa tezi za kwapa ana jambo lake. Mkono wa upande ule unaweza kuvimba miezi au hata miaka baadaye. Usiache kuutumia: mazoezi mepesi ya kuunyoosha huusaidia, na kazi irudi kidogo kidogo, ndoo nusu kabla ya ndoo nzima. Lakini ulinde dhidi ya majeraha. Vaa glavu ukichimba viazi au ukikata nyasi, safisha kila mkwaruzo, na mkono ukiwa mwekundu na moto, nenda hospitalini siku hiyo hiyo.

Kofia ya sufi kwa aliyepoteza nywele ni lazima huku, maana kichwa kitupu hupoteza joto. Wengine hununua wigi, wengine hufunga leso. Ni hiari yako, na nywele kwa kawaida humea tena miezi michache baada ya kemo kwisha. Jambo lingine ambalo halisemwi vya kutosha: kwa takriban saa 48 baada ya dripu, mkojo, matapishi na jasho hubeba mabaki ya dawa. Anayefua mashuka avae glavu, choo kioshwe vizuri, na mama mjamzito asiguse vidonge vya kemo wala nguo zilizochafuka.

Mionzi ina utaratibu wake, kwa kawaida siku tano kwa wiki kwa wiki kadhaa. Kupanda matatu kila siku ukiwa umechoka ni adhabu. Kabla ya tarehe ya kuanza, iwe umeelekezwa Eldoret au Nakuru, piga simu kuhakikisha mashine inafanya kazi, na utafute jamaa wa kukaa naye Jumatatu hadi Ijumaa. Usipake kitu chochote kwenye ngozi inayochomwa bila kuuliza.

Mursik, chai na maneno ya jikoni

Jikoni ndiko ushauri mbaya unakopatikana kwa wingi, na hutolewa kwa upendo. Utaambiwa sukari hulisha saratani, nyama huiamsha, maziwa huikuza, hadi ubaki na maji na mboga. Mgonjwa anayekonda sana hushindwa kumaliza kemo. Dozi hupunguzwa au huahirishwa. Kazi yako wakati wa matibabu ni kutunza uzito. Viazi vya hapa vilivyopondwa kwa maziwa na siagi, mayai yaliyoiva kabisa, maharagwe yaliyosagwa, parachichi, uji wa wimbi uliotiwa maziwa na siagi ya njugu, samaki, supu yenye nyama ndani yake. Kula kidogo mara sita badala ya sahani kubwa mara mbili. Harufu ya kupika ikikuletea kichefuchefu, chakula kipikwe mbali nawe na uletewe kikiwa kimepoa kidogo. Dawa ya kichefuchefu imezwe kwa saa iliyopangwa, kabla hujaanza kutapika. Mdomo ukiwa na vidonda, sukutua mara kadhaa kwa siku na glasi ya maji vuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi, na tumia mswaki laini.

Sasa mursik, maziwa yaliyogandishwa kwenye kibuyu. Najua inamaanisha nini katika nyumba ya Kikalenjin kumnyima mgonjwa mursik. Ni kama kumwambia si wa nyumbani. Lakini kibuyu chake, yaani sotet, hakiwezi kusafishwa hadi viini vyote viishe, hata kikisuguliwa kwa brashi ya sosiot na kufukizwa kwa makaa ya mti wa senetwet. Wiki ambazo chembe nyeupe ziko chini, kunywa maziwa yaliyochemshwa au ya pakiti. Daktari akisema damu imerudi sawa, muulize kuhusu mursik. Matunda yaoshwe na kumenywa, mboga zipikwe, nyama iive.

Na chai ipoe. Ukanda huu wa magharibi mwa Kenya na Bonde la Ufa una saratani ya umio nyingi kuliko sehemu nyingi za dunia, hata kwa vijana. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO lilitangaza kuwa vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani ya umio. Kikombe kikae dakika chache mezani, kwa mgonjwa na kwa nyumba nzima. Aliyewekewa mrija kwenye umio, kama inavyofanyika kwa miaka mingi katika Hospitali ya Tenwek kule Bomet, atafune sana, anywe kidogo baada ya kila tonge, aache mapande ya nyama choma na ugali mgumu, na alale kichwa kikiwa juu.

Kuhusu mitishamba, sitakuambia kwamba wazee wetu hawajui kitu. Nitakuambia kwamba ini na figo zako tayari zina kazi ya kusafisha kemo, na mizizi iliyochemshwa inaweza kuzizidi, au kubadilisha nguvu ya dawa mwilini. Usimfiche daktari. Mwonyeshe chupa. Na yeyote anayekuambia uache matibabu ya hospitali ili dawa yake ifanye kazi, na anataka pesa kwanza, mfungulie lango aondoke.

Kabla ya kuuza shamba

Hapa nasema kwa ukali kidogo kwa sababu nimeona familia zikibaki bila mgonjwa na bila ardhi. Usiuze ng’ombe wa maziwa wala ekari moja kabla hujapata majibu ya maswali matatu kutoka kwa daktari: matibabu haya yanalenga kuponya au kudhibiti ugonjwa na kupunguza mateso? Yatachukua muda gani? Yatagharimu kiasi gani kwa jumla, pamoja na vipimo? Una haki ya kuuliza, na daktari mzuri hachukii maswali hayo. Pia, chini ya Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, shamba la familia haliuzwi bila ridhaa ya mume na mke wote wawili, kwa hiyo shemeji au mjomba asije na mnunuzi wakati mmoja wenu yuko wodini.

Anza na SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF kuanzia Oktoba 2024. Unaweza kujisajili kwa kupiga *147#. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Mkulima na mfanyabiashara hukadiriwa kulingana na hali ya kaya, kiwango cha chini kikiwa shilingi 300 kwa mwezi, na hulipa ya mwaka mzima kwa pamoja. Mpango ulipoanza, fungu la saratani lilikuwa shilingi 400,000 kwa kaya kwa mwaka, na nyingine 150,000 kutoka mfuko wa magonjwa sugu na dharura pale za kwanza zinapokwisha. Viwango hivi hubadilishwa, kwa hiyo uliza kwenye dawati la SHA hospitalini kiwango cha sasa, na kila unapotibiwa uliza kimebaki kiasi gani. Idhini huombwa kabla ya matibabu. Usifike siku ya kemo ndipo uanze kuitafuta.

Katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi kuna maafisa wa ustawi wa jamii. Wengi hawawatembelei kwa aibu. Nenda, kaa, eleza hali ya nyumbani kwa ukweli. Wao ndio wanaojua nani anaweza kupunguziwa bili na wafadhili gani wana nafasi mwezi huo. Nje ya hospitali kuna mashirika kama Faraja Cancer Support Trust, lililoanzishwa Nairobi mwaka 2010, lenye ushauri nasaha na mfuko wa kusaidia matibabu; mtandao wa KENCO unaounganisha vikundi vya saratani nchini; na Stoma World Kenya kwa wanaoishi na mfuko wa choo tumboni. Mwenye mtoto anayetibiwa katika Hospitali ya Watoto ya Shoe4Africa aulize kuhusu Kituo cha Sally Test, ambako watoto wagonjwa hucheza na kujifunza huku wakitibiwa. Mtoto anayecheza hustahimili sindano vizuri zaidi, na mama yake hupata saa moja ya kupumua.

Harambee bado ina nguvu huku. Iwe moja iliyopangwa vizuri kuliko tano za papara. Watu wawili wasiokuwa wa nyumba moja washike hesabu, pesa ziingie kwenye namba moja, na baada ya mwezi waliochanga wasomewe zilivyotumika. Ukifanya hivyo, ukirudi kuomba tena watu hawatakukwepa.

Kama umeajiriwa, Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa, baada ya miezi miwili ya kazi, angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara kila mwaka. Ni chache kwa saratani. Mikataba mingi hutoa zaidi, kwa hiyo soma wako kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi.

Maumivu hayana tuzo

Kuna wanaoamini kuvumilia maumivu ni ushujaa au ni imani. Maumivu makali hunyima usingizi, hukata hamu ya chakula na kumfanya mtu atamani kufa. Mofini ya kunywa, ikitolewa na waliofunzwa, ni salama. Haimaanishi umefika mwisho, na anayeitumia kwa maumivu ya saratani kwa kufuata maagizo si mraibu. Hunywewa kwa saa, usingoje uchungu urudi, pamoja na dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza, kwa maana kufunga choo humpata karibu kila anayeitumia.

Eldoret Hospice hushughulikia kazi hii: kupunguza maumivu, kuzungumza na familia, kufuatilia mgonjwa. Kimbilio Hospice ya Kipkaren, upande wa barabara ya Webuye, ina vitanda kwa wanaohitaji kulala. Watu huogopa neno hospisi wakidhani ni chumba cha kufia, hivyo huja wiki ya mwisho wakiwa wameteseka miezi sita. Nenda mapema, hata ukiwa bado unapata kemo.

Kama daktari amesema ugonjwa hauponi, familia isimfiche mgonjwa. Mara nyingi anajua, na anabaki peke yake na anachokijua. Mwacheni aseme anataka kumwona nani, watoto wabaki na nani, deni la nani halijalipwa. Wosia wa maandishi wenye mashahidi wawili huokoa watoto na kesi za miaka.

Mambo ya chumbani nayo yasisahaulike. Kemo nyingi hudhuru mimba, kwa hiyo tumieni kinga au mpango wa uzazi, na anayetaka watoto aulize kabla ya dripu ya kwanza. Baada ya tiba ya mlango wa kizazi au tezi dume, tendo la ndoa hubadilika. Wanaume hasa hunyamaza, na mke hudhani amechukiwa. Daktari ameshasikia swali lako mara nyingi na kuna msaada. Ukiona usiku hupiti bila kilio au unawaza kujiua, namba ya bure ya Msalaba Mwekundu ni 1199.

Siku ya dripu ya mwisho, na miezi inayofuata

Watu wataimba, watamshukuru Mungu kanisani kwa ajili yako, kisha watarudi kwenye mashamba yao. Wewe utabaki umechoka uchovu ambao usingizi hauuponi, ukiogopa kila kikohozi. Wengi huanguka moyo hapa zaidi kuliko wakati wa kemo, na huona haya kusema kwa sababu wanatarajiwa kufurahi. Uchovu huo unaweza kuchukua miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Kutembea kila siku huupunguza kuliko kulala: anza hadi lango, halafu hadi barabarani. Kama umemaliza Februari, usijipange kupanda mahindi ya Machi mwenyewe. Kodisha sehemu ya shamba msimu mmoja, au panda kidogo karibu na nyumba.

Omba daktari akuandikie muhtasari wa matibabu: aina ya saratani, hatua, upasuaji, majina ya dawa, idadi ya mionzi. Miaka ijayo daktari mwingine atahitaji kujua, kwa mfano, kama ulipewa doksorubisini, ambayo inaweza kudhuru moyo baadaye. Shika tarehe za uchunguzi hata ukijisikia mzima. Aliyeandikiwa tamoksifeni ameze miaka mitano, au kumi kama ameambiwa. Kuacha mwaka wa pili kwa sababu uvimbe haupo ni kuufungulia mlango. Dalili mpya ikidumu wiki mbili, nenda bila kungoja tarehe. Na dada zako na binti zako wapimwe kulingana na saratani uliyokuwa nayo. Chanjo ya HPV, inayokinga saratani ya mlango wa kizazi, hutolewa kwa wasichana tangu Oktoba 2019, kuanzia miaka 10.

Anzisheni kikundi

Burnt Forest ina ujuzi ambao haijautumia kwa saratani. Mpango wa afya wa AMPATH ulipoanza kutoa dawa za virusi vya ukimwi katika eneo hili baada ya 2001, Burnt Forest ilikuwa miongoni mwa vituo vyake vya vijijini. Watu waliokuwa wakifichwa vyumbani walianza kukaa kwenye benchi moja, wakakumbushana dawa, wakaweka akiba pamoja. Ghasia zilipotawanya wagonjwa mwanzoni mwa 2008, wahudumu waliwatafuta walikokimbilia ili wasikose dawa. Wengi wa watu hao wako hai hadi leo, na wanajua namna ya kuishi na ugonjwa ambao mtaa mzima unauogopa. Wafuateni, muwaulize walianzaje.

Wanne wanatosha. Muombe muuguzi msimamizi wa hospitali chumba saa moja kwa mwezi, siku isiyo ya soko na isiyo ya kliniki kuu ya Eldoret. Msikutane nyumbani kwa mtu, kwa sababu wa lugha nyingine au kanisa jingine hatakuja, na ugonjwa huu haujachagua Mkikuyu wala Mkalenjin. Zungumzeni Kiswahili. Kubalianeni mapema kwamba yanayosemwa yanabaki humo, kwamba hakuna anayeuza dawa wala mafuta ya miujiza, na kwamba hakuna anayemwambia mwenzake apunguze au aache dozi. Changeni kidogo kwa nauli ya atakayekosa. Nunueni themomita mbili za kuazimana. Wekeni orodha ya wenye magari. Mwanachama akifariki, nendeni mazishini pamoja, na mkutano unaofuata ufanyike siku yake, kwa sababu huenda kuna aliyegunduliwa wiki ile anayekuja kwa mara ya kwanza na hajui aingilie mlango upi. Mmoja wenu asimame langoni kumpokea.